Kupiga gitaa si mbio za vidole

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu vijana wanaompima mpiga gitaa kwa wepesi wa vidole tu. Wanadai kuwa David Gilmour wa bendi ya Pink Floyd ya Uingereza si bingwa, eti hana kasi.

Sikubaliani nao hata kidogo. Katika wimbo "Shine On You Crazy Diamond" wa mwaka 1975, kuna mahali Gilmour anapiga sauti nne tu, kisha anaziacha zififie polepole. Wimbo huo unamkumbuka Syd Barrett, rafiki yake wa ujanani, aliyetoka bendini mwaka 1968 akili zikiwa zimemchoka, naye Gilmour akashika nafasi yake. Majonzi ya kumpoteza mtu aliye hai yamo katika sauti hizo nne. Zifanye arobaini, yatatoweka. (Hata darasani kwangu wapo watoto wanaosoma mbio kama cherehani; ukiwauliza walichosoma, wanatazama dari.)

Basi hao wanaohesabu sauti kwa sekunde watuambie, ni sauti ipi ya Gilmour waliyoisikia haina kazi?

Mwalimu wa Kijijini,
Njombe.