"Utazoea" si kipimo cha fremu

Wiki hii naweka programu kando, ndugu zangu, niongee juu ya chuma. Kuna neno la wauza baiskeli za mitumba hapa Nairobi ambalo sasa naona lipingwe hadharani: "utazoea". Unapanda baiskeli, mikono imenyooka kama ya mtu anayesukuma mkokoteni, unamwambia muuzaji ni ndefu. Anashusha kiti kidogo, anakupigapiga begani: "Iko sawa, utazoea." Kwa baiskeli ya kwenda dukani, labda. Kwa fiksi, hapana!

(Kwa asiyeijua: fiksi ni baiskeli isiyo na friwili. Gia ni moja, imefungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma. Gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka, utake usitake.)

Neno hilo lina asili yake. Tumelelewa na Black Mamba: fremu ya inchi 22 au 24, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma, na baiskeli ileile moja kwa baba, mjomba na mtoto wa darasa la tatu. Mtoto alipitisha mguu chini ya mtalimbo, akaendesha amejipinda kama kaa, na alifika. Lakini Black Mamba husamehe. Usukani wake umerudishwa nyuma ukufuate ulipo, unakaa wima, na mteremko ukija unaacha miguu itulie. Fiksi haina msamaha huo.

Chukua njia ninayoijua vizuri, Kangemi hadi katikati ya jiji kwa Waiyaki Way. (Barabara ya juu iliyofunguliwa 2022 si ya baiskeli, kwa hiyo sisi ni wa chini, na matatu.) Asubuhi unateremka, jioni unapanda. Tuseme gia yako ni meno 46 mbele na 16 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 6. Ukiteremka Museum Hill kwa kilomita 40 kwa saa, miguu inazunguka mara 110 kwa dakika. Fremu ikiwa kubwa, kiti hakishuki vya kutosha, na nyonga zinayumba kushoto na kulia mara 110 kwa dakika, nyuma ya matatu ambayo haijaamua itasimama wapi. Hapo hakuna kuzoea.

Sasa namba. Wengi wananunua kwa namba iliyobandikwa: "hii ni 56, mimi ni mtu wa 56." Namba hiyo haina maana ya kutegemewa. Kampuni moja hupima bomba la kiti kutoka katikati ya krenki hadi katikati ya bomba la juu, nyingine hadi ncha kabisa, nyingine fremu yake ina bomba la juu lililoinama na namba ni ya kukisia tu. Kisha kuna inchi na sentimita. Sisi wa kompyuta tunaijua hadithi ya Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA kilichopotea 1999 kwa sababu programu moja ilitoa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikavisoma kama vya metriki. Usinunue chuma kwa utaratibu huo!

Pima mwenyewe. Simama ukutani bila viatu, weka kitabu kati ya mapaja kikigusa juu kabisa, pima hadi sakafuni. Zidisha kwa 0.67, kanuni iliyoenezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mara 3. Sentimita 84 zinakupa takriban 56. Lakini huo ni mwanzo tu, na hapa ndipo natofautiana na wengi: kinachoamua ni urefu wa bomba la juu. Kiti unaweza kukipandisha sentimita 10 na zaidi. Shingo ya usukani unaweza kuibadilisha kwa sentimita 2 au 3, ukizidisha usukani unaharibika tabia. Nenda na futi ya fundi nguo, pima bomba hilo kwa mstari ulionyooka, ulinganishe na baiskeli ambayo mgongo wako unaipenda.

Je, ukiwa kati ya saizi mbili uchukue ndogo? Ndivyo wasemavyo wengi. Kwa fiksi, angalia kwanza ncha ya kiatu. Kwenye fremu ndogo yenye magurudumu makubwa, kiatu hugusa gurudumu la mbele unapokata kona polepole. Baiskeli ya kawaida, unasimamisha mguu. Fiksi inakuletea mguu huo tu, na pale Odeon kila kona ni ya polepole. Krenki za milimita 165 husaidia kidogo.

Halafu kuna wanaoiga picha. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa na David Kinjah kule Kikuyu, alikuwa akijikunja juu ya baiskeli kama mkia wa ng'e. Mwache, ilikuwa kazi yake. Sisi tumeshinda kutwa tumeinama mbele ya skrini, na nyumbani Lavington ni lazima uvuke mabonde ya Kirichwa. Usukani uwe karibu na usawa wa kiti.

Mwisho, geuza fremu uone mikato inayoshika ekseli ya nyuma. Ikiwa imesimama wima, kama ya baiskeli nyingi za mlimani, hutaweza kukaza mnyororo, iache hata kama saizi ni yako. Na foku iwe na tundu la breki. Breki ya mbele sijadiliani nayo.