Kidole cha sita hakimtaji baba

Juzi nimepokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja wa Msimbati. Amejifungua mtoto wa kike, mzima, ananyonya vizuri, ila kila mkono una kidole kidogo cha ziada kando ya kidole cha mwisho. Wapo waliomwambia ni pweza aliyekula akiwa mjamzito. Hilo angelivumilia. Lakini mama mkwe akauliza, "Hiki kimetoka ukoo gani? Kwetu hakuna." Tangu siku hiyo mume analala sebuleni, na mjomba wake ameshaitwa kutoka Mikindani ili wakae kikao.

Dada, kabla ya kikao, wasomee haya.

Mikono ya mtoto huanza kuchomoza mwishoni mwa wiki ya 4 tangu mimba kutungwa, kama vichipukizi ubavuni. Wakati huo akina mama wengi hata hawajajua kuwa ni wajawazito. Kichipukizi kinatandazika kama kafi, kisha seli zilizo katikati zinakufa na vidole vinaachana. Kufikia wiki ya 8 vidole vyote vinaonekana. Pweza haingii popote hapo.

Wapangaji wa kazi hiyo ni vinasaba. Kimoja, ambacho wanasayansi walikipa jina la katuni wa mchezo wa video, Sonic hedgehog (wasomi nao wana utani wao), hutoa ishara kutokea upande wa kidole cha mwisho, na ishara hiyo husaidia kuamua vidole viwe vingapi. Kingine kinaitwa GLI3, nacho huidhibiti. Hitilafu ndogo ikitokea kwenye mpango huo, kidole kinaongezeka. Kwa watoto wenye asili ya Afrika, kidole cha ziada cha upande huu huonekana takriban mara 10 zaidi kuliko kwa watoto wa Kizungu.

Sasa lile la ukoo. Hali hii mara nyingi hurithiwa, na inatosha mzazi mmoja tu awe na kinasaba hicho. Ila mtu anaweza kuwa nacho asioneshe dalili yoyote, kisha mtoto wake akazaliwa na vidole sita. Tena, watu wazima wengi walifungwa uzi wakiwa wachanga, kidole kikakauka na kudondoka, na hakuna aliyewasimulia. Kwa hiyo kwenye kikao muombe kila mtu, wa kwenu na wa kwao, aweke mikono mezani. Tazameni pembeni ya kiganja, chini ya kidole cha mwisho. Kinundu kidogo kama chunjua huenda ndicho kidole kilichosahauliwa. Nitashangaa kidogo tu kikiwa kwa mama mkwe.

Na msipokiona? Bado si ushahidi, maana hitilafu inaweza pia kuanza kwa mtoto mwenyewe. Mwenye shaka ya kweli kuhusu baba, kipimo cha vinasaba kinafanywa na Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa utaratibu wa sheria. Vidole havihesabiwi huko.

Uzi nao msiufunge nyumbani. Kidole kinaweza kutoa damu, kuoza au kuacha kinundu chenye maumivu. Mpelekeni mtoto kliniki, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Ligula. Kikiwa nyama tupu kinaning'inia, kukiondoa ni kazi ndogo. Kikiwa na mfupa, daktari kwa kawaida husubiri mtoto akue, mara nyingi apite mwaka mmoja. Kidole cha ziada kikiwa upande wa gumba, au mtoto ana mdomo uliopasuka, mikono na miguu mifupi isivyo kawaida, au anahema kwa shida akinyonya, msisubiri siku ya kliniki, nendeni mapema.

Na baba, ukiusoma ukurasa huu kwenye simu ya mkeo, rudi chumbani.