Profesa wa Ukerewe na Mabinti Zetu

Mwezi uliopita, tulipomaliza kipindi chetu hapa Ubena, mama mmoja alimnyang'anya binti yake kitabu. Kilikuwa Rosa Mistika. "Hiki kitamharibu," akasema. Tulinyamaza, maana sisi wenyewe tulikisoma usichanani kwa kujificha.

Mwandishi wake, Euphrase Kezilahabi, alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe. Alifundisha fasihi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapata udaktari wa falsafa Wisconsin, Marekani, mwaka 1985, kisha akawa profesa Botswana. Alifariki Januari 2020. Vyuo vyote hivyo havikumtoa kisiwani. Ziwa na kijiji chake vinarudi katika kazi zake, na si kama pambo. Mtu wake huishi ndani ya mazingira yanayomlea au kumbana. Sisi wa barabara ya Morogoro, tuliozoea malori na magunia ya mkaa, tunaposoma habari za ziwa lile tunaona kiu.

Mashairi yake ya Kichomi, ya mwaka 1974, yalizua ugomvi kwa kuacha vina na mizani. Jina hilo wauguzi tunalielewa haraka: mgonjwa ameshika ubavu, anaogopa kuvuta pumzi.

Lakini turudi kwa Rosa. Kitabu kilitoka mwaka 1971, na kwa muda kilikatazwa shuleni. Zakaria, baba mlevi, anampiga binti kwa ajili ya barua ya mvulana. Rosa anakua akiwaogopa wanaume bila kuwafahamu. Akifika chuoni Morogoro, mbali na kiboko cha baba, hana la kumwongoza. Anatoa mimba, na mwisho anajiua.

Je, ni hadithi tu? Tumewapokea mabinti usiku, wamefungwa khanga mbili, damu inatoka, na mama mlangoni anasema ni malaria. Mama, hapo usione haya. Sema ukweli, kwa sababu kila saa unayoficha ni damu inayopotea. Tutamtibu kwanza.

Wiki iliyopita mama yule alitufuata kliniki. Kitabu kilikuwa mkobani, kimekunjwa ukurasa katikati.

"Dada, ni kweli Rosa anakufa?"

Tulimwambia amalizie nyumbani, na binti akae karibu.