Dumu la impeke mpakani: Mrejeaji si mlanguzi

Tangu misafara ya Warundi wanaorejea kutoka Tanzania ianze kupita Manyovu na kuingia Mugina, ubishi umekuwa uleule. Godoro linapita, mabati yanapita, baiskeli inapita, lakini mama mwenye dumu la lita 20 lililozibwa kwa jani la mgomba anaambiwa asogee pembeni. Ndani ya dumu mna impeke, pombe ya mtama aliyoipika mwenyewe kwa ajili ya watu wa kilimani kwao. Wengine huliona jambo hili kama kichekesho. Mimi niliyezaliwa na kusomea ukimbizini, na ambaye sasa nafundisha watoto wa waliorudi, naomba lizungumzwe kwa uzito wake.

Tuanze na sababu ya kubeba pombe safari ya siku tatu, wakati kuna watoto, sufuria na mbegu za kubeba. Kwetu, anayekwenda kuomba haendi mikono mitupu. Anayeposa huja na pombe. Anayepeleka shauri mbele ya bashingantahe, wale wazee wa baraza la kilima, hutoa kinywaji chao kiitwacho agatutu. Waliogombana wakipatanishwa, huwekewa chungu kimoja na kunywa kwa mirija, na asiyetaka kuinama pale huhesabiwa kuwa bado ana jambo moyoni.

Sasa mfikirie mtu aliyekimbia mwaka 1972, akalelewa au kuzaa watoto katika makazi ya Katumba, Mishamo au Ulyankulu. Zaidi ya 160,000 kati ya watu hao na vizazi vyao walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Wengine zaidi ya 50,000 walichagua kurudi, wengi wao mwaka 2008 na 2009. Waliofika Rumonge, Nyanza-Lac na upande wa Makamba walikuta mashamba yao yana wenyewe wengine: huyu amegawiwa na serikali, yule amenunua kwa fedha yake halali, mwingine kazaliwa papo hapo na hajui pengine. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulisema mkimbizi arudishiwe mali yake, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi, CNTB. Tume iliweza kupima shamba na kuweka mpaka katikati, lakini haikuweza kuwafanya watu wawili wanaotazamana kando ya mpaka huo wasalimiane asubuhi.

Hiyo ndiyo kazi ya dumu lile. Mrejeaji anayeshuka garini na pombe ana neno la kumwambia aliyemkuta: njoo tunywe, kisha tuzungumze. Anayeshuka na karatasi za msafara peke yake huonekana amekuja kudai. Nimeona kilimani kwetu familia zikikaa miaka bila kupeana moto, na nikiuliza chanzo naambiwa, "Walifika, wakaenda moja kwa moja kwa msimamizi."

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mrejeaji aache mambo ya pombe. Lakini pia sikubaliani na ndugu zangu warejeaji wanaong'ang'ania kuisafirisha pombe iliyokwisha iva. Hapa nazungumza kama mwalimu wa sayansi.

Impeke haifi ikitiwa kwenye dumu. Chachu iliyomo inaendelea kula sukari na kutoa hewa ya ukaa. Joto likizidi, kazi inakwenda mbio zaidi, na gari likirukaruka hewa iliyojificha ndani ya pombe hutoka kwa mkupuo. Kutoka Katumba, treni hupita Kaliua ndipo ishike njia ya Kigoma, behewa limefungwa na jua linachoma bati. Halafu ni malori na vumbi hadi mpakani. Dumu lililokazwa kifuniko huvimba mpaka linakuwa duara, na mwisho wake kila mfanyabiashara wa mpakani anaujua. Mwaka 2008, katika msafara wetu, kijana wa kupakia mizigo alikaza vifuniko vyote kwa nguvu ingawa wazee walimkataza. Kabla hatujafika Manyovu dumu moja lilipasuka, magodoro ya familia nne yakalowa, na ofisa mmoja aliyeyanusa akatuhesabu sote kuwa walevi, pamoja na bibi zetu.

Hata isipopasuka, haifiki ikiwa ile iliyoondoka. Pombe ya mtama ni ya siku chache tu, kisha inakuwa kali na chungu. Ya ndizi, urwarwa, haina tofauti kubwa. Umtilie jirani siki halafu umwambie umetoka nayo mbali kwa heshima yake?

Bibi yangu, ambaye hakukanyaga darasa, alikuwa na jawabu. Alibeba kimea. Mtama mwekundu huloweshwa, ukafunikwa siku mbili tatu mpaka uote, ukaanikwa ukakauka kabisa, ndipo ukasagwa au kubaki punje. Kimea kikavu kikiwekwa mbali na unyevu hudumu miezi. Hakivimbi wala hakinuki, na mbele ya forodha ni nafaka katika mfuko. Kilo chache zinatosha kupika chungu cha kualika wazee na majirani. Pamoja nacho alibeba kibuyu chake cha kupikia, ambacho alikataa katakata kisioshwe kwa sabuni. Sisi wajukuu tuliokuwa tukisoma shule za Tanzania tulimcheka kwa uchafu, mpaka mwalimu alipotufundisha kwamba chachu ni kiumbe hai. Ule utando mkavu ndani ya kibuyu ndio uliokuwa mbegu ya pombe yake. Ukipikia humo siku ya pili baada ya kufika, baada ya siku chache una impeke mbichi, iliyopikwa kwa maji ya kilima kilekile na kuni za hapohapo. Na mke wa jirani anaweza kuitwa kuja kusaidia kuchochea, jambo ambalo dumu kutoka Katumba haliwezi kulifanya.

Upande wa wakuu wa mpaka nao una deni. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamruhusu msafiri aliyetimiza miaka 18 kupita na lita moja ya pombe kali au lita mbili za mvinyo bila ushuru. Hicho ni kipimo cha mtu anayeshuka kwenye ndege na chupa ndani ya mfuko. Mama wa impeke kipimo hicho hakimtaji, kwa hiyo anabaki mikononi mwa ofisa wa zamu: leo anapita, kesho anamwagiwa. Sheria hiyohiyo inatambua mizigo ya mtu anayehamisha makazi yake. Dumu moja kwa kaya, lililopikwa nyumbani na lisilouzwa, lingefaa nalo kuruhusiwa, na maelekezo ya maandishi yabandikwe ukutani kwa Kirundi na Kiswahili, kila mtu ayasome.

Najua hofu ya maofisa. Gongo, ambayo sisi huku twaiita kanyanga, hupitishwa katika madumu yaleyale ya njano, na biashara hiyo inaua watu. Lakini kuzitofautisha hakuhitaji maabara. Impeke ni nzito, ina rangi ya udongo, ina povu na makapi. Gongo ni nyeupe kama maji, na ukiiwasha inashika moto. Ofisa anayeshindwa kutofautisha vitu hivyo viwili amepangiwa mpaka usio wake.

Nao wanaoandaa misafara, kutoka Nduta na Nyarugusu ambako watu walianza kurejea tena mwaka 2017, wawaambie watu mapema, siku ya kujiandikisha, kipi kinapita na kipi hakipiti. Kumwambia mtu mpakani kwamba kazi yake ya wiki nzima inamwagwa ni kumchelewesha kwa makusudi. Mtama unahitaji siku kadhaa kuota na kukauka, hivyo anayepewa tarehe ya safari wiki mbili kabla ana nafasi ya kutosha ya kuloweka.

Na yule ambaye hatanisikia, akaamua kubeba pombe yenyewe, basi ajaze dumu robo tatu tu, azibe kwa jani la mgomba badala ya kifuniko, alisimamishe kivulini karibu na mlango, na asimruhusu kijana yeyote wa mizigo kuligusa.