Mkataba wa Mapumziko Usiokwisha: Nani Kasema Tuvumilie?



Ndugu zetu katika imani, tumechoka na jawabu moja. Familia ya Kiislamu iliyoko Uingereza imebanwa na mkataba wa nyumba ya mapumziko kule Hispania. Kila mwaka inalipa ada ya kitu isichokitumia. Inapokwenda kuomba ushauri kwa watu wazima wake inaambiwa: "Mlitia saini wenyewe. Muislamu hutimiza ahadi. Vumilieni." Basi inarudi nyumbani, inainama, inalipa. Na huku kwetu jamaa wanashangaa kwa nini pesa ya karo ya mtoto wa marehemu kaka yao imepungua. Sisi tunasema jawabu hilo ni nusu ya dini tu, na nusu ya dini mikononi mwa mjanja ni silaha.

Kwa asiyeijua, biashara hii huitwa taimusheya. Ilianzia Ufaransa, kwenye milima ya Alps, katika miaka ya 1960, kisha ikaenea Marekani, Hispania, Malta na kwengineko. Nyumba moja hukatwakatwa kwa wiki na kila wiki huuzwa kwa mtu wake. Piga hesabu ndogo: wiki 50 kwa pauni 10,000 kila moja ni pauni 500,000, kwa kijumba cha vyumba viwili ambacho ungeambiwa ukinunue kizima usingekubali kutoa hata nusu yake! Siku hizi wengine hawauzi wiki tena, wanauza "pointi", na hapo ndipo hata mwenye kusoma hajui amenunua nini. Juu ya bei kuna ada ya matunzo ya kila mwaka, uende usiende, na anayeipanga ni mwenye mradi.

Na tazameni inavyouzwa. Familia iko matembezini ufukweni, anakuja kijana mchangamfu na kadi ya kukwangua. Mmeshinda! Lakini zawadi lazima ichukuliwe hotelini. Maelezo ya saa moja yanakuwa saa tano, watoto wanachezeshwa chumba cha pili, muuzaji wa kwanza akishindwa anaitwa mkubwa wake, na bei ni ya leo tu. Mkiwa hamna pesa, karatasi za mkopo wa riba ziko juu ya meza ile ile. Jioni mnatoka na saini. Hiyo ndiyo "ahadi" tunayoambiwa tuitukuze.

Sasa tuulizane kidini. Hatusemi kwamba kushirikiana nyumba au kukodi manfaa ni haramu. Kukodi kuna sharti lake mashuhuri: muda ujulikane na ujira ujulikane. Hapa muda ni maisha yako yote, pengine na ya watoto wako, na ujira ni wowote atakaoupanga mwenzako mwakani. Kama hiyo si gharar aliyoikataza Mtume (S.A.W.), basi gharar ni nini? Na akitokea ndugu mwenye kofia akaiita "mapumziko ya Kiislamu", mwulizeni tu ada ya miaka kumi ijayo ni kiasi gani. Mtamwona anavyohamisha mazungumzo.

Wanaotusomea hadithi ya Waislamu na masharti yao huiacha sehemu yake ya pili, inayotoa nje sharti lenye kuhalalisha haramu au kuharamisha halali. Wanasahau pia yule Sahaba aliyekuwa akihadaiwa katika biashara. Alipopelekwa kwa Mtume (S.A.W.) hakuambiwa avumilie. Alielekezwa aweke sharti, kila anapouziana na watu, kwamba hakuna kuhadaana. Katika mafundisho yetu kuna mlango mzima unaoitwa khiyari, yaani haki ya mtu kurudi nyuma katika biashara, na wanachuoni wameutandika kwa urefu. Leo tunaona haya kuupita mlango ambao wasio Waislamu wameuweka katika sheria zao!

Naam, wameuweka. Umoja wa Ulaya ulitoa agizo lake Januari 2009, Uingereza ikatunga kanuni zake mwaka 2010 zilizoanza kazi Februari 2011, na Hispania sheria yake mwaka 2012. Kwa mujibu wake mnunuzi ana siku 14 za kuvunja mkataba bila kutoa sababu na bila kutozwa chochote, na ndani ya siku hizo ni marufuku kumchukulia hata senti moja. Mkopo uliofungwa pamoja na mkataba nao unavunjika. Kama hakupewa ile fomu rasmi ya kujitoa, muda unaongezeka hadi mwaka mmoja na siku 14. Kwa hiyo kabla ya kulia, toeni bahasha kabatini mtazame kama fomu imo. Barua ya kujitoa iandikwe, ipelekwe kwa posta ya rejista, nakala ibaki nyumbani. Kupiga simu hakutoshi, kwani simu haina shahidi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqarah, inahusu kuandika madeni, nasi bado twaenda kwa maneno ya mdomo! (Walioko Marekani watazame sheria ya jimbo lao, Florida, kwa mfano, inatoa siku 10.)

Siku zikishapita njia ni nyembamba, lakini ipo. Sheria ya Hispania ya mwaka 1998 iliweka kikomo cha miaka 50, na Januari 2015 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitamka kwamba mkataba usio na mwisho uliofungwa chini ya sheria hiyo ni batili. Aliyenunua kwa mkopo uliopangwa na muuzaji huko Uingereza atazame kifungu cha 75 cha Sheria ya Mikopo ya mwaka 1974. Kitu kikiwa na bei ya zaidi ya pauni 100 na isiyozidi pauni 30,000, mkopeshaji naye hujibu kwa uongo wa muuzaji. Wapo pia wenye miradi wanaokubali kupokea wiki yao kutoka kwa mzee, mgonjwa au mjane akiwaandikia na kueleza hali yake. Ofisi za Citizens Advice hushauri bure.

Hatumwambii mtu aache kulipa kimya kimya na kubadilisha namba ya simu. Huko ni kujitafutia mahakama, na kukimbia deni si tabia yetu. Mwenye hoja aiandike, aipeleke, asimame nayo.

Bali hatari tunayoiogopa zaidi inamngoja yule aliyekwisha kukata tamaa. Anapigiwa simu: "Tumepata mnunuzi wa wiki yako, tutumie kwanza pauni elfu mbili za kodi na mwanasheria." Hakuna mnunuzi! Wiki hizo zinatangazwa kwenye intaneti kwa pauni moja na hazichukuliwi. Baada ya miezi anapiga mwengine, anajidai atamrudishia alizoibiwa na wa kwanza, naye anataka ada kwanza. Kanuni zile zile zinakataza mtu kukuchukulia malipo ya kukuuzia taimusheya kabla haijauzwa. Anayeomba kitangulizi, ufungieni simu usoni, hata akianza kwa salaam.

Nanyi vijana mlioko vyuoni, Kiingereza mlichosomeshwa na wazazi wenu kina kazi hapa. Wasomeeni mkataba mstari kwa mstari. Tafuteni miaka, tafuteni ada, tafuteni fomu. Halafu tafuteni kama majina yenu yametiwa humo, maana wauzaji hupenda kuwaambia wazee kwamba wanawaachia watoto urithi. Urithi gani huu unaodai? Suratun Nisaa, aya ya 11 na 12, inatanguliza deni na wasia kabla ya mgao, na deni la marehemu hulipwa katika mali aliyoiacha. Sheria ya Uingereza nayo haiingii mfuko wa mtoto ambaye hakutia saini. Lakini akitia, limekuwa lake. Mzazi akiletewa karatasi ya "kuongeza jina la mtoto" kwa kisingizio cha kupunguziwa ada, asiisaini, na mtoto asiisaini hata kwa kumridhi mzazi.

Wabillahi Tawfiq.