Binti amemaliza doktora, sasa anatafuta nini tena?

Swali hili linarudi mara kwa mara katika vikundi vyetu: "Mtoto amesoma mpaka doktora, na bado anataka kwenda Ulaya. Masomo hayana mwisho?" Wiki hii tulijibu.

Anachotafuta si masomo, ni kazi. Inaitwa postidoki. Mwenye doktora anaajiriwa katika maabara chini ya profesa, kwa mkataba wa muda, mara nyingi mwaka mmoja mpaka mitatu, na analipwa mshahara. Hapo anajenga jina kabla ya kupata kazi ya kudumu.

Uhandisi wa kemia na biokemia hauko mbali na sisi. Tunapoloweka muhogo siku tatu, vidudu visivyoonekana kwa macho vinaulainisha na sumu inapungua. Tunapopika sabuni ya mawese, hiyo nayo ni kemia. Mhandisi anafanya mambo ya namna hiyo katika matangi makubwa: anapima joto, hewa na uchachu, ili dawa au chanjo itoke sawasawa kila mara.

Je, mwenye mtoto anaweza? Katalin Karikó, mwanabiokemia wa Hungaria, alihamia Philadelphia, Marekani, mwaka 1985 kwa kazi kama hiyo, pamoja na mume na binti yao wa miaka 2. Waliuza gari, wakashona pauni 900 hivi ndani ya mwanasesere wa mtoto. Njia ilikuwa na miiba: mwaka 1995 alishushwa cheo. Hakuacha. Utafiti wake ulifungua njia ya chanjo za Covid, na mwaka 2023 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Drew Weissman.

Kazi hii inamkuta binti katika miaka ya kuolewa na kuzaa. Basi kabla ya kusaini aulize: Mshahara unalipwa na nani, mpaka lini? Likizo ya uzazi iko? Viza inaruhusu mume na watoto? Kwa mfano, ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya uko wazi kwa watu wa nchi zote, na mwenye familia anaongezewa posho. Anayeomba asipitishe miaka 8 ya utafiti tangu apate doktora, lakini muda aliosimama ili kulea mtoto hauhesabiwi.

Tena tuwe macho. Profesa wa kweli haombi pesa ili akuajiri. Mtu akidai kwa simu pesa za "kufungua dosie", tusitume hata faranga moja. Ada ya viza inalipwa ubalozini au mahali ubalozi wenyewe umeonyesha.

Mama, tusimlazimishe binti achague kati ya ndoa na maabara kabla hajapata majibu. Tukae naye, tusome mkataba pamoja, mstari kwa mstari.