Kapasita ya kutokea: hesabu kwanza, jina baadaye

Leo naweka programu kando kidogo. Nataka kusema juu ya kidude kilichonifedhehesha mbele ya mjomba wangu: kapasita ya kutokea, ile inayokaa kati ya amplifaya na spika.

Maoni yangu nayatanguliza. Wengi wetu tunaojitengenezea saketi za sauti nyumbani tunabishana kapasita ya kampuni gani ina "sauti tamu", na huku mambo manne ya lazima hatuyatazami: ukubwa, pande, volti na joto.

Sasa kisa chenyewe. Mjomba ni fundi wa majahazi Matondoni, hapa kisiwani Lamu. Akiwa kazini husikiliza taarabu kwa umeme wa betri ya sola. Nikamtengenezea amplifaya ya TDA2003, chipu ya redio za magari. Inafanya kazi kwa volti 8 hadi 18, kwa hiyo betri inayofika volti 14.4 ikichajiwa haiisumbui. Spika yake ni ya omu 4.

Chipu hii ikitumia betri moja, mguu wake wa kutokea hukaa katikati, karibu volti 7, hata kama hakuna wimbo unaopigwa. Sauti hupanda na kushuka kutoka hapo. Kazi ya kapasita ni kupitisha sauti na kuzuia zile volti 7 zisifike kwenye spika.

Mara ya kwanza nilichomoa kapasita ya mikrofaradi 100 kwenye televisheni mbovu. Ikaimba, lakini sauti nyembamba kama ya simu. Besi yote imekwenda! Nikadhani kapasita ni ya "kampuni mbaya". Kumbe ningepiga hesabu: gawanya 1 kwa (2 × 3.14 × omu × faradi), utapata masafa ambayo chini yake sauti huanza kupotea. Kwa spika ya omu 4:

- mikrofaradi 100: hezi 398
- mikrofaradi 470: hezi 85
- mikrofaradi 1000: hezi 40
- mikrofaradi 2200: hezi 18

Hakuna jina la kampuni ndani ya hesabu hiyo. Na usikimbilie kubwa kupita kiasi. Spika ndogo haiwezi kutoa hezi 18 hata ukiibembeleza, na kapasita kubwa huleta kishindo kikubwa zaidi unapowasha. Mimi nasema 1000 inatosha.

Nikaipata ya 1000, na kwa haraka zangu nikailehemu kinyume. Kapasita ya elektroliti ina pande: mstari ulioandikwa alama ya kutoa ni upande hasi, na huo uelekee kwenye spika, chanya kwenye chipu. Ukigeuza, huanza kupitisha umeme, hupata moto na huweza kupasuka. Yangu ilipitisha. Volti 7 kwenye koili ya omu 3.5 hivi ni ampea 2, wati 14 za joto tupu, na koili imesimama haipigi hewa. Harufu ya kuungua ikatoka kabla sijafika kwenye swichi.

Mjomba akaniangalia. "Mwanangu, wewe andika programu zako. Redio niwachie."

Niliumia, kwa sababu ile spika hainunuliwi Matondoni. Ni mashua mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa, au umtume mtu barabara ya Luthuli, Nairobi. Programu ikiharibika narudisha toleo la jana. Koili iliyoungua haina toleo la jana.

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Nanunua ya volti 25, isiyokaza roho betri ikichajiwa. Nachagua iliyoandikwa nyuzi 105 badala ya 85, kwani kwa kawaida kila nyuzi 10 za joto hupunguza umri wa elektroliti kwa nusu, na kisanduku kilichofungwa kwenye jua la huku ni tanuri. Naweka rezista ya omu 1000 kutoka upande wa spika wa kapasita hadi hasi, ijichaji kabla spika haijaunganishwa. Kisha napima kwa mita: baada ya muda mfupi ikisoma karibu sifuri, ndipo naunganisha spika.

Zile za plastiki za bei je? Zina mahali pake. Ukitoka kwenye saketi kwenda kwenye amplifaya nyingine yenye omu 10,000, mikrofaradi 1 tu inakufikisha hezi 16, na ya plastiki haikauki wala haina pande. Lakini mikrofaradi 1000 ya plastiki ni mzigo wa punda.

Mjomba amepata spika nyingine, na amplifaya bado ni yangu. Lakini kabla ya kuwasha huniuliza kwanza: "Umepima?"

Tukutane wiki ijayo, inshallah.